Sarufi Mbili za "Presha": Istilahi za Kihisi-Shinikizo cha Uzinuru na Uelewa wa Mgonjwa wa Chiwata

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kukitaja na kukieleza kifaa kinachopima shinikizo la damu ndani ya mwili kwa nuru ipitayo katika uzi wa kioo. Tunaonyesha kwamba Kiswahili kina sarufi mbili za neno presha. Sarufi ya kwanza hulitumia kama jina la ugonjwa. Ya pili hulitumia kama jina la kiasi kilichopo mahali fulani, hususan katika mabomba ya maji. Kifaa kinachojadiliwa hufuata sarufi ya pili, ilhali mazungumzo ya daktari na mgonjwa huendeshwa zaidi kwa sarufi ya kwanza. Tunapendekeza istilahi chache zinazotokana na sarufi ya pili, na tunaeleza uzito wake katika kupata ridhaa ya mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za sayansi katika Kiswahili una historia ndefu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Miaka miwili baadaye Tumbo-Masabo na Mwansoko walitoa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili. Katika kazi hizi na nyingine zilizofuata, swali lililoulizwa mara nyingi ni hili: dhana fulani iitweje? Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili la pili: neno lililochaguliwa likishaingia katika sentensi za watu wa kawaida, litaendeshwa kwa sarufi gani?

Katika makala haya tunalijadili swali hilo la pili kwa kutumia mfano wa kihisi cha shinikizo la damu kinachofanya kazi kwa nuru. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kifaa chenyewe kinakutanisha nyanja tatu ambazo kila moja ina mzigo wake wa istilahi: fizikia ya nuru, ufundi wa vipimo, na tiba ya moyo. Pili, ni kifaa kinachoingizwa mwilini mwa mtu, na mtu huyo hana budi kuelezwa na kukubali kabla hakijaingizwa.

Mtu tunayemfikiria katika mjadala huu ni mkaazi wa Chiwata, katika Wilaya ya Masasi, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Eneo hili, pamoja na Newala iliyo juu ya uwanda, ni makutano ya Kimakonde, Kiyao na Kimakua. Kwa wazee wengi wa huko Kiswahili ni lugha ya pili waliyoizoea shuleni, sokoni, kanisani, msikitini na mnadani. Mtu huyu akiugua, huanzia zahanati. Akizidiwa hupelekwa Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi au hospitali ya misheni ya Ndanda. Moyo wake ukihitaji uchunguzi wa katheta, anaweza kupewa rufaa hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, safari ya zaidi ya kilomita 500. Katika kila hatua ya safari hiyo ataambiwa kwamba "anapimwa presha". Maneno ni yaleyale. Yanayotendeka hayafanani hata kidogo.

2.0 Kifaa na Kazi Yake

2.1 Kutoka nje ya mkono hadi ndani ya ateri

Kipimo kinachofahamika zahanati ni kile cha mkanda unaofungwa mkononi juu ya kiwiko na kujazwa upepo. Asili yake ni kazi ya Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896, ikakamilishwa na Korotkov wa Urusi aliyeeleza mwaka 1905 namna ya kusikiliza sauti za damu chini ya mkanda. Kipimo hiki hakigusi damu. Huibana ateri kutoka nje mpaka damu isipite, kisha hulegeza polepole, na mpimaji hutambua shinikizo kwa dalili za damu kuanza kupita tena. Matokeo hutolewa kwa milimita za zebaki, na namba mbili hutajwa: ile ya moyo unaposukuma na ile ya moyo unapopumzika. Kwa kawaida, vipimo vya zahanati vinavyofikia 140 kwa 90 au zaidi, vikirudiwa kwa siku tofauti, huhesabiwa kuwa shinikizo la juu.

Upimaji wa ndani una umri mkubwa kuliko huo wa nje. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1733, Mwingereza Stephen Hales alieleza jinsi alivyoingiza mrija katika ateri ya farasi jike na kuuunganisha na bomba la kioo lililosimama wima. Damu ilipanda zaidi ya futi 8. Mwaka 1929 daktari Mjerumani Werner Forssmann alijiingiza katheta mwenyewe kupitia vena ya mkono hadi moyoni, na mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba. Tangu hapo katheta iliyojaa maji imekuwa njia ya kawaida ya kupima ndani ya ateri: shinikizo la damu husafiri katika maji hayo hadi kwenye chombo cha umeme kilicho nje ya mwili, nacho huligeuza kuwa mchoro na namba.

Njia hiyo ina udhaifu wake. Kiputo cha hewa ndani ya mrija hulainisha mawimbi ya shinikizo na kupotosha umbo lake. Mrija ukiwa mrefu au laini kupita kiasi, mchoro hautaaminika. Chombo cha nje kikiwekwa juu au chini ya usawa wa moyo, namba hubadilika ingawa mgonjwa hajabadilika. Hivyo wataalamu walitafuta namna ya kulipeleka jicho la kipimo mahali penyewe damu ilipo. Mwaka 1969 Lekholm na Lindström walichapisha maelezo ya chombo cha kupimia shinikizo ndani ya mishipa ya damu kwa kutumia nuru.

2.2 Uzi, kiwambo na nuru

Uzi unaotumika ni wa kioo safi sana, na unene wake wa kawaida ni kama milimita 0.125, yaani unakaribia unywele. Nuru ikiingizwa upande mmoja hufuata uzi hata unapopinda, kwa kuwa kiini chake na gamba lake huipitisha nuru kwa viwango tofauti, na nuru inayofika mpakani kwa pembe ndogo hurudishwa ndani.

Katika aina moja iliyoenea, ncha ya uzi hujengewa kichumba kidogo mno kilichofunikwa kwa utando mwembamba. Utando huu tutauita kiwambo, jina lililozoeleka kwa wawambaji wa ngoma: ngozi iliyowambwa hubonyea ikisukumwa na hurudi ikiachwa. Shinikizo la damu likiongezeka, kiwambo hubonyea kuelekea ncha ya uzi; likipungua, hurudi. Nuru inayofika nchani huakisiwa mara mbili, sehemu na ncha yenyewe na sehemu na kiwambo. Miale hiyo miwili inaporudi pamoja huimarishana au hufifishana kulingana na upana wa nafasi iliyo kati. Mashine iliyo nje husoma mabadiliko hayo na kuyatafsiri kuwa milimita za zebaki. Kanuni hii ya nuru ilitumiwa na Wafaransa Fabry na Perot mwishoni mwa karne ya 19, muda mrefu kabla ya kuhusishwa na damu.

Faida za njia hii zinaeleweka kutokana na maumbile yake. Kwa kuwa uzi haupitishi umeme, hausumbuliwi na kisu cha umeme cha mpasuaji wala na sumaku kali ya mashine ya picha. Kwa kuwa kihisi kiko nchani, hakuna safu ndefu ya maji ya kupotosha mawimbi. Kwa kuwa ni chembamba, huweza kuwekwa ndani ya waya mwembamba wa milimita 0.36 unaopita katika ateri za moyo, na pia katika vifaa vya kupimia shinikizo ndani ya fuvu la kichwa. Mapungufu yake nayo yapo. Joto huweza kupotosha usomaji lisiporekebishwa. Kioo huvunjika kikikunjwa vibaya. Na waya za namna hii hutengenezwa zitumike mara moja, jambo linalozifanya kuwa ghali.

Ni muhimu kusisitiza kwamba kihisi hiki hakikusudiwi kumtambua mtu wa kawaida mwenye shinikizo la juu. Kazi hiyo hufanywa vizuri na mkanda wa zahanati. Kihisi cha ndani hutumika pale daktari anapotaka kujua shinikizo la mahali mahususi, kwa mfano mbele na nyuma ya sehemu iliyoziba katika ateri ya moyo. Humo mgonjwa hupewa dawa ya kutanua mishipa midogo ili damu ipite kwa wingi, kisha shinikizo la ng'ambo ya kizuizi hugawanywa kwa shinikizo la kabla yake. Uwiano ukiwa 0.80 au chini ya hapo, kwa kawaida kizuizi huhesabiwa kuwa kinaunyima moyo damu.

3.0 Sarufi Mbili

3.1 Presha kama ugonjwa

Tuangalie sentensi zifuatazo, ambazo msemaji yeyote wa Kiswahili cha Tanzania atazikubali:

(1) a. Mama ana presha.
    b. Presha imempanda.
    c. Ana presha ya kushuka.
    d. Nimemeza dawa, sasa sina presha.

Katika (1a) presha ina tabia ya nomino za magonjwa: ana presha, kama vile ana malaria au ana kikohozi. Kwa mtazamo wa fizikia sentensi hii haisemi lolote, kwa kuwa kila aliye hai ana shinikizo la damu. Baadhi ya wataalamu wa afya huichukulia kuwa dalili ya ujinga. Sisi hatukubaliani nao. Kiswahili kina kanuni pana ya kutumia jina la kiasi kwa maana ya kiasi kilichozidi:

(2) a. Mtoto ana joto.
    b. Baba ana sukari.
    c. Ana uzito, aambiwe apunguze kula.

Hakuna mtu asiye na joto, sukari wala uzito. Hata hivyo sentensi hizi hazimpi msikilizaji taabu. Presha imeingia katika kundi hili kwa njia halali kabisa ya kisarufi.

Tatizo linajitokeza katika ukanushi. Ikiwa "kuwa na presha" ni kuugua, basi "kutokuwa na presha" ni kupona. Sentensi (1d) ni hitimisho sahihi la sarufi hii, na ni hitimisho la hatari. Mgonjwa ambaye kipimo chake kimerudi kuwa cha kawaida kwa sababu anameza dawa anaona hana sababu ya kuendelea kuzimeza. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyo ya kuambukiza, takriban robo ya watu wazima wa Tanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikutwa na shinikizo la juu. Kwa ugonjwa ulioenea kiasi hicho, ukanushi wa sentensi moja si jambo dogo.

Aidha, (1b) na (1c) zinaigawa presha kuwa magonjwa mawili, ya kupanda na ya kushuka, kana kwamba kila moja lina asili yake. Wazo kwamba ni kiasi kimoja kinachosogea juu na chini katika mstari mmoja halimo.

3.2 Presha kama kiasi cha mahali

Sasa tulinganishe na sentensi za maji:

(3) a. Maji hayana presha.
    b. Presha ya bombani kule mlimani ni ndogo.
    c. Presha imeshuka, bila shaka bomba limepasuka njiani.
    d. Huku bondeni presha ni kubwa, huko juu hayafiki.

Sentensi hizi zina uzito wa pekee juu ya uwanda wa Makonde. Udongo wa kichanga wa uwanda huo hunywa mvua, na juu yake mito haikai. Chemchemi hutokea chini, kando ya miteremko. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka na kupanda miteremko hiyo wakiwa na maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde husukuma maji kwa pampu kutoka visima vya Mitema bondeni hadi juu Newala. Mtu aliyekulia katika mazingira haya hahitaji mwalimu wa fizikia kumfundisha kwamba maji hayapandi bila kusukumwa, kwamba mabomba yaliyo chini hubeba nguvu kubwa kuliko ya juu, na kwamba bomba likiziba nusu, upande wa pili maji hutoka kwa unyonge.

Kisarufi, presha ya (3) inatofautiana na ya (1) kwa mambo matatu. Kwanza, mwenye presha ni kitu kinachotiririka, wala si mtu. Pili, presha hutajwa pamoja na mahali: bombani, mlimani, bondeni. Tatu, na hili ndilo kubwa, ukanushi una thamani iliyo kinyume:

(4) a. Mama hana presha. (habari njema)
    b. Maji hayana presha. (habari mbaya)

Neno ni lilelile, kitenzi ni kilekile, ukanushi ni uleule; tathmini imepinduka. Hatujaona maelezo ya kutosha ya upinduko huu katika kamusi tulizonazo, kwa sababu kamusi huorodhesha maana za neno bila kuonyesha tabia ya kila maana katika sentensi.

3.3 Kihisi kinafuata sarufi ipi?

Jibu liko wazi. Kihisi cha ndani hupima shinikizo la kitu kinachotiririka, mahali fulani, na mara nyingi kinachomtia daktari hofu ni upungufu wa shinikizo ng'ambo ya kizuizi. Hii ni sarufi ya (3).

Fikiria sasa mgonjwa aliyeishi miaka kumi akiambiwa kwamba ugonjwa wake ni presha kubwa. Analala kitandani, uzi umeingizwa, na daktari anamwambia:

(5) Tumeona presha yako ni ndogo sana upande wa pili, kwa hiyo lazima tuzibue.

Kwa sarufi ya ugonjwa, (5) ni maajabu. Miaka yote alitakiwa presha ishuke. Leo imeshuka, naye anaambiwa ndiyo hatari. Ama atadhani daktari wa kwanza alimdanganya, ama atadhani dawa alizomeza ndizo zilizomdhuru. Kwa sarufi ya maji, sentensi hiyohiyo haina fumbo lolote: pampu inasukuma kwa nguvu, bomba limeziba, na shamba lililo mbele halipati maji. Presha kubwa ya jumla na presha ndogo ya mahali huweza kukaa pamoja katika mwili mmoja kama zinavyokaa pamoja katika bomba moja.

Tukumbuke pia kwamba tiba yenyewe ilianza kwa sarufi hii. Bomba la Hales lilipima damu kwa kimo cha safu yake, na "milimita za zebaki" za leo bado ni kimo cha safu ya kimiminika. Mgonjwa akifundishwa kwa njia ya maji, hashushwi kutoka katika sayansi. Anarudishwa kwenye chimbuko lake.

4.0 Istilahi

Katika kuchagua istilahi tunazingatia baadhi ya vigezo vilivyokusanywa na Kiingi chini ya kifupisho PEGITOSCA, hasa usahihi, uwazi, uwezo wa kuzalisha maneno mengine, na kukubalika.

4.1 Kanieneo, shinikizo, presha

Fizikia ya shuleni ina istilahi kanieneo. Ni neno lenye uwazi wa kupendeza: kani iliyogawanywa kwa eneo, hivyo umbo la neno ni fomyula yenyewe. Hata hivyo halijatoka darasani, na "kanieneo la damu" halisikiki hospitalini.

Shinikizo lina mizizi ndani ya lugha. Kamusi za zamani hulitaja kuwa chombo cha kukamulia mafuta, na kitenzi shinikiza kina maana ya kukandamiza kwa nguvu. Kwa watu wa Masasi, ambako ufuta ni zao la biashara pamoja na korosho, picha ya kitu kinachokamuliwa si ngeni. Tena shinikizo bado halijazama katika sarufi ya ugonjwa: "ana shinikizo" peke yake haijitoshelezi, msikilizaji atauliza ni shinikizo la nini. Kutojitosheleza huko ndiko kunakolifaa kwa kazi ya istilahi, kwa kuwa kunamlazimisha msemaji ataje ni la nini, ni la wapi, na ni kiasi gani.

Pendekezo letu ni kwamba shinikizo la damu litumike kwa kiasi kinachopimwa, na shinikizo la juu la damu kwa ugonjwa. Presha iachwe katika mazungumzo, kwa sharti kwamba mtaalamu aiambatanishe na mahali au namba: "presha ya ndani ya ateri hii", "presha yako leo ni 150 kwa 95". Kwa mgonjwa anayemeza dawa, "presha yako imedhibitiwa" ni bora kuliko "huna presha".

4.2 Mkongo, faiba, uzimwanga, uzinuru

Tangu kujengwa kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, neno mkongo limeenea kwa maana ya kebo ya mawasiliano inayopitisha nuru. Kwa kifaa chetu halifai kwa sababu mbili. Mkongo hutaja kebo nzima iliyofukiwa ardhini au baharini, wakati sisi tunahitaji jina la uzi mmoja. Zaidi ya hayo, kusini mwa Tanzania mkongo ni mti mkubwa wa mbao ngumu. Kumwambia mzee wa Chiwata kwamba ataingizwa mkongo moyoni ni kumtisha bila sababu. Faiba nayo imekwisha kuchukuliwa na huduma ya intaneti ya majumbani.

Umbo uzimwanga linavutia, lakini lina kasoro ambayo mwanaisimu anapaswa kuiona mapema. Kiswahili kina mwanga wa ngeli ya U-I, wenye maana ya nuru, na mwanga wa ngeli ya A-WA, yaani mchawi wa usiku. Katika sentensi za kawaida upatanisho huzitenganisha: mwanga umeingia si sawa na mwanga ameingia. Lakini katika neno ambatani upatanisho hutawaliwa na neno kuu, uzi, na kinga hiyo hutoweka: uzimwanga umeingia mwilini haituambii mwanga ni yupi. Kwa kitu kinachopenyezwa ndani ya mwili wa mgonjwa mwenye hofu, utata huu haukubaliki.

Tunapendekeza uzinuru, wingi nyuzinuru. Neno kuu likiwa mwanzoni, wingi hufanyika bila taabu. Nuru haina utata wa ngeli, na katika lugha ya dini zote mbili kubwa za eneo hili ina maana njema.

4.3 Sensa, kihisishi, kihisi

Mkopo sensa unagongana na sensa ya watu na makazi, iliyofanywa mara ya mwisho mwaka 2022, na mgongano huo hauna haja ya kufafanuliwa. Kutokana na kitenzi hisi tunapata kihisi, kwa mnyambuliko uleule unaotoa kinyozi kutoka nyoa na kiongozi kutoka ongoza. Wanaisimu watakumbuka kwamba kihisishi ni aina ya neno katika sarufi, hivyo umbo hilo liepukwe. Kihisi kitenganishwe pia na kipimo: kihisi huitikia shinikizo, mashine husoma mwitikio, na kipimo ni namba inayopatikana.

Katika kuunganisha, kiunganishi cha huleta utata. "Kihisi cha uzinuru" chaweza kuwa kihisi kilichojengwa kwa uzinuru au kinachohisi uzinuru. Hivyo kinachohisiwa kiunganishwe moja kwa moja, na nyenzo ifuate kwa kiunganishi: kihisi-shinikizo cha uzinuru. Kwa mpango huo tutapata pia kihisi-joto cha uzinuru na kihisi-shinikizo cha umeme bila kubuni upya.

4.4 Mshipa

Neno hili la kila siku ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Mshipa ni njia ya damu, ni neva, na katika usemi wa watu wengi ni ngiri au uvimbe wa korodani. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, ambako matende na mabusha yamejulikana kwa miaka mingi, maana hii ya mwisho haiko mbali na mawazo ya msikilizaji, hasa pale uzi unapoingizwa kupitia kinena. Ateri na vena zimekwisha kuzoeleka katika vitabu vya shule. Zitumike, nazo zifafanuliwe: ateri ni njia ya damu itokayo moyoni, vena ni ya damu irudiyo.

5.0 Istilahi na Ridhaa

Nchini Tanzania daktari hufunzwa kwa Kiingereza na kuwatibu wagonjwa kwa Kiswahili. Kati ya lugha hizo mbili ndipo ridhaa ya mgonjwa inapopatikana au kupotea. Saini ya mtu aliyeambiwa tu kwamba "tunakupima presha kwa ndani" ni wino mtupu, kwa kuwa sentensi hiyo inalifanya tendo la kuingia ndani ya ateri ya moyo lionekane kuwa ndugu wa mkanda wa zahanati. Huo hauna hatari ya kutajwa. Hili lina hatari zake, zikiwamo kuvuja damu pale lilipoingilia, kujeruhiwa kwa ateri na, kwa nadra, madhara makubwa ya moyo. Mfano wa maelezo tunayoyapendekeza ni huu, daktari kijana akizungumza na mama mzee:

(6) Shikamoo bibi. Moyo wako ni kama pampu, na ateri ni mabomba yake. Mkanda wa mkononi umetuonyesha nguvu ya damu kwa jumla. Sasa tunashuku bomba moja limeziba nusu, na mkanda hauwezi kutuonyesha hilo. Tunaomba tupitishe waya mwembamba sana kutoka hapa kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye bomba hilo. Ndani yake mna uzi wa kioo unaopitisha nuru; hauna umeme. Utatuambia nguvu ya damu kabla ya kizuizi na baada yake. Ikipungua sana baada yake, moyo haupati damu ya kutosha, nasi tutazungumza nawe kuhusu kuzibua. Damu inaweza kuvuja mkononi, na mara chache ateri hujeruhiwa, au moyo wenyewe hupata matatizo makubwa. Una haki ya kuuliza, kwenda kushauriana na wanao, au kukataa.

Katika maelezo haya istilahi kihisi-shinikizo cha uzinuru haimo. Jina hilo ni la mtaala, la kamusi na la jalada la mgonjwa. Hata hivyo ni sarufi yake iliyoyajenga maelezo yote: kitu kinachotiririka, mahali, kabla na baada. Daktari aliyejifunza istilahi iliyoundwa kwa sarufi hiyo atakuwa na njia ya kushuka hadi kwenye (6). Aliyejifunza jina la kigeni peke yake atalazimika kuibuni njia hiyo kando ya kitanda, akiwa na haraka.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba presha ina sarufi mbili katika Kiswahili, kwamba ukanushi katika sarufi hizo una thamani zinazopingana, na kwamba kihisi-shinikizo cha uzinuru kinaeleweka kwa sarufi ya maji pekee. Tumependekeza shinikizo la damu, uzinuru, kihisi na kiwambo, pamoja na matumizi makini ya ateri mahali pa mshipa. Tunatoa mwito wa mambo mawili. Kwanza, watunga kamusi za tiba waonyeshe mifano ya ukanushi na ya upatanisho kwa kila kidahizo cha aina hii. Pili, idara za Kiswahili zishirikiane na vyuo vya tiba kuyajaribu maelezo kama ya (6) kwa wasemaji ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, wakiwamo wasemaji wa Kimakonde, Kiyao na Kimakua, kabla hayajachapishwa katika fomu za hospitali. Msemaji wa Chiwata anayesema "maji hayana presha" tayari ana dhana tunayoihitaji. Wajibu wa mwanaistilahi ni kuitambua na kujenga juu yake.